Kibali cha Wachezaji Arobaini

Jumatatu, 13 Aprili 1953. Kilwa Kivinje

Dionis Mbonde, mkulima wa Njinjo, yuko mahabusu bomani tangu Jumatano iliyopita. Kosa: kupiga ngoma bila kibali. Kasema Karani Sipriani huku akichonga penseli, kama anataja bei ya dagaa.

Amri ni ya Januari. Kenya kumechafuka, kwa hiyo huku kwetu ngoma zipigwe kwa karatasi. Anayetaka kupiga aombe siku saba kabla.

Yaliyotokea, kwa jinsi nilivyoyapata kwa watu watatu: Jumatatu ya Pasaka mzungu mmoja wa boma alikuwa safarini Njinjo, anakunywa chai kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Saa nne asubuhi akasikia ngoma upande wa msitu. Ikajibiwa na ya pili. Ya pili ikajibiwa na ya tatu. Ngoma kumi na moja, zikishuka bondeni kwa zamu. Akaweka kikombe chini, akamwuliza Jumbe Abdala, mkuu wa kijiji, ni nini hiyo. Jumbe akasema hajui.

Jumbe ana shamba katika bonde hilohilo. Ana dungu la kulindia mahindi, na juu ya dungu ana ngoma. Hajui.

Ngoma ya kwanza ilikuwa ya Dionis, basi akakamatwa Dionis. Wale kumi wameachwa. Shahidi wa serikali ni mmoja tu — Jumbe.

Posta ya leo imeleta barua ya Mhariri wa gazeti letu kutoka Dar es Salaam. Anataka somo la Kiingereza la mwezi Mei: maneno ya kuzuia. Control, check, curb, restrain, restrict, "na mengine utakayoona yanafaa". Kila neno na mfano wake. Anasema wasomaji wanayakuta kwenye matangazo ya serikali na hawajui tofauti zake. Kweli. Wanaoyaandika matangazo nao hawajui.

Jumanne, 14 Aprili

Nimepewa robo saa ya kuzungumza na Dionis. Mtu mfupi, umri wa miaka arobaini hivi, rozari shingoni, sauti imekwaruza kwa kufukuza ndege. Hana hofu. Ana kero.

"Shamba langu ndilo la mwisho, Bwana. Nyuma yangu msitu. Nyani wakitoka wanapita kwangu kwanza. Mimi nikipiga, jirani anajua, anapanda dunguni, anampigia wa tatu. Hivyo hivyo mpaka mtoni. Wakikuta kila dungu lina mtu, wanarudi. Wakikuta kimya, wanakula."

Nikauliza kama alimweleza mzungu.

"Nilimwambia nyani. Jumbe akamwambia nyani hawapigiwi ngoma kumi na moja."

Kwa nini Jumbe aseme hivyo? Dionis akacheka kidogo. Jumbe aliogopa kuonekana alikuwa anazijua ngoma na hakuziripoti tangu Januari. Basi hilo nalo limejibika.

Mahindi yameanza kuwa na maziwa. Mkulima yeyote anajua maana yake: wiki mbili hizi ndizo za mwaka mzima. Kabla yake nyani hawana haja nayo, baada yake yamekauka. Shambani yuko mkewe Genoveva na mama yake Dionis, bibi wa miaka themanini. Ngoma imechukuliwa kielelezo. Jumbe kapiga marufuku hata debe. Wanatumia koo.

"Ukiandika gazetini watanifungua?"

"Hapana."

"Basi unaandika nini?"

"Kilichotokea."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama anayevua samaki na kuwarudisha majini.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeanza somo.

Control kwanza, maana ndilo linalotumiwa ovyo kuliko yote. Waingereza hulitumia kwa kitu chenye nguvu zake, ambacho mtu anataka kiende kwa mwendo anaoupanga yeye: gari, moto, bei, nzige. Si kukisimamisha. Gari lililosimama halihitaji control. Lakini ukutani bomani pana tangazo, Control of Drums, mistari tisa, na yote tisa ni marufuku. Aliyeandika alitaka kusema prohibit, akaona haya.

Curb ni neno la farasi. Ni mnyororo mdogo unaopita chini ya taya. Ukivuta hatamu, unabana. Ndiyo maana wanalitumia kwa vitu vinavyokwenda mbio — hasira, tamaa, matumizi. Huku farasi hawaishi, mbung'o huwamaliza. Neno limefika peke yake.

Check ni kusimamisha kwa kitambo. Kilichozuiwa hivyo kinaweza kuendelea kesho. Mfano: ngoma ziliwasimamisha nyani mpaka watu wakavuna. Nimeuandika kwa Kiingereza chake. Mfano mzuri, unaeleweka na kila mtu kutoka hapa hadi Newala. Maneno haya matatu yanaondoka na ndege ya kesho, pamoja na habari ya Dionis, maneno mia tatu.

Alhamisi, 16 Aprili

Kesi imeitwa, kesi imeahirishwa. Liwali, mwenye kuisikiliza, ana homa. Itasikilizwa Jumatatu tarehe 27.

Boma likatoa huruma yake. Dionis aweke dole gumba kwenye karatasi, aende nyumbani, arudi siku ya kesi. Karatasi ni ya Kiingereza. Karani Sipriani akamsomea kwa Kiswahili:

"Naahidi kujizuia nisipige ngoma."

"Hata debe?"

"Hata debe."

Dionis akafikiri. Bila ngoma, angalau koo la tatu shambani. Akachovya dole gumba kwenye wino.

Nikaomba kuiona karatasi. Sipriani akanipa bila wasiwasi. Hajazoea watu wanaosoma mpaka mwisho. Imeandikwa kwamba Dionis Mbonde atajizuia yeye na wengine. Restrain himself and others. Adhabu ya kuvunja ahadi, miezi sita.

Restrain ni neno lenye mkono ndani yake. Anayezuia amemshika anayezuiwa. Ukijizuia mwenyewe, mkono ni wako na mwili ni wako, na Waingereza hukusifu kwa hilo. Ukiahidi kuwazuia wengine, lazima uwe na mkono wa kuwafikia. Dionis hana mkono wa kufika madungu kumi.

Nikamwambia Sipriani kuna maneno ameyaruka.

"Hayo ni mapambo tu, mzee."

"Mapambo ya miezi sita."

Nikamweleza Dionis: yeyote kati ya wale kumi akigusa ngoma, utakayefungwa ni wewe. Akakifuta kidole kwenye suruali, taratibu, mpaka wino ukaisha. Akarudi mahabusu mwenyewe. Askari alimfuata nyuma.

"Umemfunga wewe sasa," Sipriani akaniambia.

Inawezekana. Nimeandika alivyosema.

Ijumaa, 17 Aprili

Genoveva amefika baada ya sala ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Kwa miguu kutoka Njinjo, siku tatu. Matope mpaka magotini. Mwanamke mwembamba, mrefu kuliko mumewe. Amekwisha kumwona Dionis, halafu ndipo akanitafuta mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe ndiye Bwana Gazeti?"

"Ndimi."

"Ndiwe uliyemkatalisha mume wangu dole gumba?"

"Nilimsomea kilichoandikwa."

"Basi nisomee na mimi. Imeandikwa wapi kwamba nyani wanangoja tarehe ishirini na saba?"

Nikamletea maji.

Amesema mistari minane ya mahindi imekwisha kuliwa. Bibi anapiga kelele mpaka anakaa chini. Majirani hawasikii — sauti ya bibi haivuki shamba moja. Kila mmoja anawakuta nyani wamekwisha ingia kwake. Bonde zima limepofuka kwa sababu dungu la kwanza limenyamaza.

Kisha, baada ya kunywa maji, akauliza jambo ambalo hakuna mtu wa Njinjo aliyewahi kuuliza: kibali chenyewe kinaombwaje?

Jumamosi, 18 Aprili

Ofisi inafungwa saa sita leo. Genoveva alikuwa mlangoni saa moja. Sipriani akatoa fomu. Fomu ni ya sherehe. Haikumpitia mtu kichwani kwamba ngoma hupigwa kwa kazi. Nimenakili yote.

"Aina ya ngoma?"

"Ya kufukuza."

"Haimo. Kuna unyago, harusi, dini na nyinginezo."

"Nyinginezo."

"Mwenye shughuli nani?"

"Mimi."

"Idadi ya wachezaji?"

Genoveva akafikiri kwa dhati. "Mara ya mwisho walifika arobaini. Na watoto mgongoni."

Sipriani hakucheka. Ni mtu wa kucheka baada ya mkubwa wake kucheka. Akaandika 40.

"Kutakuwa na wageni kutoka nje ya kijiji?"

"Wote."

"Na pombe?"

"Hawajawahi kuleta."

Akaandika: hakuna. Akagonga muhuri, akaiweka fomu kwenye trei ya Bwana Shauri, mzungu anayesaini vibali. Genoveva akaniuliza nje kama mle ndani yule kijana alikuwa anafanya mzaha au kazi. Nikamwambia kazi. Akasema alidhani hivyo.

Jumatatu, 20 Aprili

Kibali kimetoka, kimesainiwa. Mzungu amesaini bila kusoma au amesoma bila kuelewa. Mambo haya mawili yanatoa saini ileile.

Jumamosi tarehe 25, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Wachezaji wasizidi arobaini. Jumbe na tarishi mmoja wa boma wahudhurie tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine yeyote atakayepiga ngoma siku hiyo bila kibali chake aandikwe jina na aletwe Kivinje.

Restrict ndilo neno la hapa. Ni neno la mpaka: mahali hapa si pale, kiasi hiki si zaidi, saa hizi basi. Restrain humshika mtu. Restrict humchorea mstari. Genoveva amechorewa saa nne za Jumamosi moja. Nyani hutoka asubuhi umande ukikauka. Alasiri wakati mwingine, si kila siku. Na ngoma yake pekee ndiyo yenye ruhusa, wakati faida yote ya ngoma ile ni kujibiwa.

Yote hayo aliyaona nilipomsomea. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Wamemrudishia na ngoma, kwa kutia sahihi. Tarishi Hasani, anayekwenda Alhamisi kwa lori, alimwambia angoje apewe nafasi.

"Kwa miguu nafika Jumatano. Kungoja lori ni siku moja zaidi ya nyani," akasema. Akajitwisha ngoma na kuondoka.

Simu ya Mhariri jioni: mifano ya Njinjo haifai, tumia farasi na mbwa.

Farasi tena.

Jumatano, 22 Aprili

Habari ya Dionis imerudi. Pembeni Mhariri ameandika held over. Maana yake ni kuahirisha: mkutano, mechi, tamasha. Huandikwa na mtu anayetaka kusema suppress lakini amekula vizuri mchana.

Suppress ni kukandamiza kutoka juu mpaka kitu kisionekane. Hutumika kwa kikohozi, kicheko, uasi, ushahidi. Kisiwe kimekufa, kisionekane tu. Mfano: nimeandika wa mbwa anayebweka. Bwana wake amemfunga mdomo kwa kamba. Mhariri ataupenda.

Alhamisi, 23 Aprili. Njinjo

Lori limekwama mara mbili. Nimefika jioni na Tarishi Hasani — kijana mtulivu, anayatunza maandishi kama shuka ya harusi. Ana amri moja mfukoni na anaijua kwa moyo.

Jumbe Abdala ametupokea kwa kuku. Kanzu safi, maneno mengi ya dua. Tulipokwisha kunawa akasogea.

"Bwana Gazeti, jina langu limo humo?"

"Limo."

"Kwa wema?"

"Kwa ulichosema."

"Nilisema nini hasa?"

"Kwamba hujui zile ngoma ni za nini."

Akaanza kunieleza habari za mikorosho. Mikorosho haijambo.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimekaa dunguni kwa Genoveva tangu asubuhi. Ngoma iko pembeni, ngozi imefunikwa gunia. Hairuhusiwi mpaka kesho.

Saa tatu nyani walitoka. Dume kubwa kwanza, akaketi kwenye kisiki akaitazama ngoma, akatutazama sisi, akaingia. Nyuma yake wengine, bila haraka. Bibi alipiga kelele, Genoveva akatupa mawe. Walisogea mistari miwili wakaendelea kula. Nyani huvunja hindi, hulibana kwapani, huvunja jingine, la kwanza huanguka. Wanaharibu kuliko wanavyokula. Jirani wa pili alikuwa anapalilia muhogo chini, hakujua lolote mpaka walipomfikia. Wa tatu hivyohivyo. Adhuhuri walikuwa shamba la sita.

Shamba la sita ni la Jumbe.

Shamba la Genoveva lilikuwa na mistari ishirini na sita. Imebaki tisa. Hiyo ikienda, watakula ming'oko, mizizi ya porini, mpaka mwakani.

Alasiri Bi Kazija, mke wa Jumbe, alipanda mpaka kwetu. Mama mnene, fimbo mkononi, mkwaruzo mrefu kwenye mkono wa pili.

"Genoveva, kimya chako kimeniletea wageni."

"Kimya si changu, Bi Kazija. Ni cha mumeo."

Bi Kazija akayatazama mabua yaliyolala.

"Kesho utapiga?"

"Nina karatasi."

"Mimi sina."

"Basi utasikia tu."

Bi Kazija akasonya, akashuka.

Jumamosi, 25 Aprili

Naandika palepale dunguni. Saa kumi na moja na robo.

Saa nane kamili Tarishi Hasani alitazama saa yake, akamwambia Genoveva anaweza kuanza. Genoveva hakuanza.

"Nimpigie nani? Wachezaji hawajafika."

Hasani akaona ni sawa. Akaketi. Jumbe Abdala alitandikiwa mkeka chini ya dungu, akalala.

Saa tisa na nusu walitoka. Genoveva akaondoa gunia akapiga — mapigo matatu, kimya, mapigo matatu. Hasani aliwahesabu nyani, midomo ikicheza. Akafika thelathini na saba, akaandika, akapumua.

Hakuna aliyejibu. Jirani wa pili alikuwa juu ya dungu lake, namwona, ngoma mapajani, viganja hewani. Anamtazama Jumbe. Wa tatu naye. Nyani walikwepa ngoma, wakapita ukingoni mwa shamba la Genoveva, wakaingia kwa wa pili. Kibali kimetekelezwa barabara. Nyani wamehamishwa kwa jirani.

Ndipo ngoma moja ikajibu. Si ya pili wala ya tatu — mbali, katikati ya bonde. Nzito, ya haraka.

Jumbe aliamka.

"Hiyo ya nani?" Hasani akauliza.

"Ni mbali," Jumbe akasema. "Haisikiki vizuri."

Genoveva hakusimamisha mikono. "Inasikika, Jumbe. Mpigaji anatumia mkono wa kushoto. Umekaa naye miaka ishirini."

Jirani wa pili akashusha viganja. Wa tatu. Wa nne. Zikaenda mpaka mtoni zikarudi, kumi na moja pamoja na hii iliyo mbele yangu. Siwezi kuandika kwa mstari ulionyooka, mbao zinatetemeka. Dume kubwa alisimama kwa miguu miwili, akageuza kichwa huku na huku, kisha akapita karibu nasi kurudi msituni, na kundi lote nyuma yake, mikono mitupu. Nimeliona. Hasani ameliona. Jumbe ameliona, na safari hii ana mashahidi wawili wanaojua kuandika.

Hasani akafungua daftari. Akaandika namba moja hadi kumi, kila namba na mstari wake.

"Jumbe, nitajie majina."

"Andika wengine kwanza."

"Wengine ni akina nani?"

Jumbe akitaja jina la mkewe, Jumatatu ataulizwa mkewe alikuwa anapiga ngoma kwa nini, na Dionis anatoka kwa jibu hilohilo la nyani. Asipolitaja, Hasani atalitaja. Amri imeandikwa, naye haiachi amri. Ukimtazama usoni unaona anatafuta njia ya tatu. Amezoea kuipata.

"Mwanangu," akamwambia Hasani, "kwani na wewe hukusikia vibaya?"

"Nimesikia vizuri, Jumbe. Namba moja?"

Daftari bado halina jina. Bi Kazija bado anapiga.

Kibali kinakwisha saa kumi na mbili. Lori linaondoka Njinjo kesho saa moja asubuhi na lina nafasi ya watu sita. Hapa wanaotakiwa Kivinje ni wapigaji kumi, na Jumbe, shahidi, wa kumi na moja. Baraza la Liwali ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Hasani ameniambia na mimi nitaitwa kutoa ushahidi.